Ufa Karibu na Bawaba

Saida mwanangu,

Salamu tutapeana ukirudi, kwa hiyo naziruka. Mambo ya soksi nzito, ya kupiga simu ukifika na ya kutolala njaa mama yako ameshakuambia, na ataendelea kukuambia mpaka wafunge mlango wa ndege. Mimi nina jambo moja tu, na nakuomba ulisome lote kabla hujakasirika.

Baiskeli yako haijafungwa. Boksi liko tupu sebuleni, na fremu iko juu ya meza ya chakula, nimeitandikia lile shuka kuukuu. Uliniomba asubuhi kabla hujaenda Pickering kuwaaga wenzako. Ulisema kwa upole kabisa, "Baba, please, just pack it," nami nikasema sawa. Nilianza kweli. Nikafungua pedali, nikatoa usukani, nikatoa gurudumu la nyuma, nikachukua kitambaa nifute tope lililokauka lisije likachafua boksi. Hapo ndipo nilipouona. Kuna ufa kwenye bomba la chini la nyuma, upande wa mnyororo, kabla kidogo ya ile bawaba ndogo iliyo jirani na ekseli. Ni mwembamba sana, na urefu wake haupiti ukucha wa kidole chako kidogo.

Sauti yako naisikia tangu sasa: ameanza tena. Una haki. Miezi yote hii nimekupinga. Nilitaka usome hapa mjini, ulale kwako, upande basi kwenda chuo kama watoto wa wenzetu. Nimekuambia kule upande wa Vancouver ni mbali, nimekuambia mvua yao haikati, nimekuambia milima ile si kama haya mabonde yetu ya mto Don. Sasa unaondoka kesho, na baba yako anakuja na ufa. Hata mimi nisingemwamini mtu wa namna hiyo.

Halafu kuna ile safari ya Collingwood, ambayo unaikumbuka kuliko ninavyopenda uikumbuke. Ulikuwa bado sekondari. Wenzako wamepata gari, mnakwenda kuteremka vilima vya kule, umefurahi tangu wiki iliyopita. Asubuhi ya kuondoka nikaigeuza baiskeli hiihii juu chini, nikakuonyesha mstari karibu na shokapu, nikasema fremu imepasuka na huendi kokote. Ukautazama ule mstari, ukanitazama mimi. Ukaibeba baiskeli kwenye basi mpaka Parkdale kwa Bahati, ambaye unajua jinsi ninavyomheshimu, maana Jumamosi zangu zote nazimalizia kwenye duka lake la baiskeli, nikimsaidia kazi. Bahati akawasha taa, akapitisha kidole, akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, mbele ya wateja, "Ile si ufa, mtoto yangu. Ni rangi tu ilikwaruzika. Nani alikuambia ni ufa?" Nawe ukamwambia nani. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye. Alisema aliuona uso wako, akatamani asingeuliza.

Nilijua ni rangi, Saida. Ulijua kwamba nilijua. Ulirudi ukasema "Okay, Baba," ukaingia chumbani, na kutoka siku hiyo mwaka mzima hukuniletea hata mnyororo niupake mafuta. Ulikuwa unampelekea Bahati. Nilikuwa nikifika dukani naikuta baiskeli yako imening'inia kwenye ndoano, nafanya kazi pembeni yake kutwa, na siigusi. Iliniuma sana, na sikuwa na wa kumlalamikia.

Sababu yake sijawahi kukueleza. Nakueleza leo, si kwa kujitetea, ila kwa sababu ufa huu hutauelewa bila kujua nilivyojifunza baiskeli, na nilivyojifunza vibaya.

Kule Tabora, bwana aliyenifundisha kazi alikuwa fundi wa kuchomelea. Baiskeli zilizokuja kwetu ziliundwa zimbebe mtu mmoja aende kazini arudi, sisi tukawa tunazipakia magunia ya mkaa. Kwa hiyo baiskeli mpya, kabla haijaingia barabarani, ililetwa kwanza kwetu iongezewe chuma. Nondo kwenye uma wa mbele, nondo kwenye keria, bamba chini ya siti. Kilichopinda tulikinyoosha, kilichokatika tulikichomelea na kukiwekea kingine juu yake. Sikumbuki hata mara moja yule bwana akisema chuma kimetosha. Mteja aliitikisa, akaona nzito, akaondoka amefurahi.

Ndiyo maana nilipoiona mara ya kwanza baiskeli yenye shokapu nyuma, pale Parkdale, nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia Bahati, "Hii imevunjika kiuno, wakaitia springi wakaiuza." Wakati ule watu walikuwa wanaleta zile za mwanzo mwanzo, za wakati watengenezaji wenyewe hawajakubaliana jambo. Kila mmoja na akili yake. Sisi ndio tulioyapokea matokeo, yakiwa vipande.

Kulikuwa na zile ambazo pedali zimekaa kwenye kipande cha nyuma, pamoja na gurudumu. Ukikaa kitini inacheza vizuri, unajiona mfalme. Ukifika kwenye mawe ukasimama juu ya pedali, uzito wako wote unahamia nyuma, shokapu inaganda, yaani inakutoroka palepale unapoihitaji. Na bawaba yake moja ilibeba kila kitu. Ikishalegea, baiskeli nzima inayumba kama meza yenye mguu mfupi. Hizo sikuzipenda na sitazipenda, usinibishie.

Za bawaba moja ndizo nilizozielewa haraka, kwa sababu zinafanya kazi kama mlango. Pedali mbele, mkono mmoja mnene nyuma, bawaba moja katikati yao. Zina ushamba wake: ukikanyaga kwa nguvu inainama, ukishika breki ya nyuma inakakamaa. Lakini ina beringi chache za kuangalia, na ikitaka kupasuka, mara nyingi inapasuka pale bawaba ilipochomelewa kwenye bomba kubwa. Unapajua pa kutazama.

Halafu hii yako, ya bawaba nne. Hakuna nilichokibishia kama hiki. Ulipoiona imesimama kwenye kona ya duka, tope mpaka juu, ukasema ndiyo hiyo hiyo unayoitaka, nilikuambia umechagua vidonda. Nikakuchorea kwenye boksi la piza: mabomba ya nyuma yamekatwa ili bawaba zipate nafasi, kwa hiyo ni membamba, bushi zake, zile pete za ndani ya bawaba, ni nyembamba pia, matope ya hapa kipupwe kikiisha, yenye chumvi ya barabarani, yanaingia mpaka ndani, bushi ya upande mmoja ikilegea, bomba la upande wa pili linabeba mzigo wa wote wawili. Nikakuambia zinakatika kabla ya bawaba ya nyuma, nimezitupa nyingi kwenye pipa la chakavu. Ulinisikiliza, ukala kipande cha mwisho cha piza, ukasema, "But it climbs better, Baba." Na kweli inapanda vizuri zaidi. Niliijaribu siku moja ukiwa shuleni. Gurudumu linafuata ardhi, mnyororo hauvutwi, breki haiikakamazi. Sikukuambia kwamba niliijaribu. Nakuambia leo kwamba ulikuwa sahihi, na mimi nilikuwa sahihi, na sijui mambo mawili ya namna hiyo mtu anayaweka wapi.

Sasa rudi nyuma kidogo, kabla hata hujawa na baiskeli hii. Unaikumbuka ile siku niliyoanguka bondeni? Ulikuwa mdogo, na kibaiskeli chako chekundu, unanifuata nyuma. Unakumbuka nilivunjika mfupa wa bega, ukanivua kofia ngumu, ukalia, kisha ukaacha kulia ukakimbia juu barabarani ukamleta yule bwana mwenye mbwa. Nilikuambia nimegonga mzizi. Mama yako nilimwambia mzizi. Hakukuwa na mzizi.

Baiskeli niliyokuwa nayo siku hiyo ilikuwa ya bawaba moja. Niliipata imepasuka kwenye mkono wa nyuma, mwenyewe akiwa ameikatia tamaa. Mimi nikafanya nilichofundishwa. Niliipeleka Downsview, kiwandani kwetu, baada ya zamu nikaichomelea bamba la alumini nene, mshono umelala vizuri hata msimamizi wangu akausifu. Bahati, ambaye huniita Grand, yaani kaka mkubwa, alipoiona alitikisa kichwa. "Grand, utaiongezea chuma mpaka lini? Iyi aluminiamu ilichoka. Haiko na njaa." Nilimcheka. Nilimwambia ninyi watu wa Kongo mnaogopa kazi.

Ilikaa kiangazi kizima. Nikawa naonyesha watu. Kisha siku ile, kwenye mteremko wa kawaida tu, ikakatika, na haikukatika kwenye bamba. Bamba langu lilibaki zima kabisa, unaweza kuliweka kwenye maonyesho. Ilikatika pembeni ya bamba, pale moto wangu ulipopita.

Chuma cha Tabora kilikuwa kinapinda kwanza. Kinakupa siku, kinakupa kelele, unaona gurudumu linasugua, unashuka. Alumini haina hiyo. Inahesabu kila mshtuko kimyakimya, na ukiichoma moto inalegea pale pembeni ya mshono, kwa macho huoni kitu. Halafu ukiongeza bamba gumu, mzigo hauondoki. Unasogea tu mpaka bamba linapoishia. Haya yote Bahati alikuwa ameniambia kwa maneno machache, na kiwandani nilikuwa nafanya kazi na alumini hiyohiyo kila siku ya Mungu. Nilijua, lakini mikono ilikuwa imezoea kuongeza.

Kuanguka kwangu si kitu. Bega lilipona. Kilichoninyima raha ni kwamba ile fremu sikuwa najitengenezea mimi. Nilikuwa nasubiri urefuke kidogo nikupe. Nilikuwa nimeshaamua hata rangi. Nilikuwa nimelala pale chini, wewe umeshika kofia yangu, na ninachokiona ni wewe juu ya ile baiskeli, kwenye mteremko uleule, na mshono wangu mzuri.

Basi asubuhi ile ya Collingwood niliona kitu hichohicho. Ningeweza kusema, "Saida, naogopa." Nilikuwa na pumzi ya kutosha kusema hivyo. Lakini baba akisema anaogopa mtoto anaweza kumwambia usiogope, akaenda zake. Fundi akisema ufa, mazungumzo yameisha. Nikautumia ufundi wangu kukufungia mlango, na nadhani hilo ni baya kuliko lile bamba, maana bamba nililiweka kwa ujinga.

Usidhani nakuletea mafumbo. Nazungumzia fremu.

Mwaka ule wa kutoniletea kitu uliisha, unajua ulivyoisha. Ulikuja jikoni na mfuko wa bushi mpya mkononi, umejaribu kuzipachika mwenyewe zimekataa, umekasirika mpaka masikio. Ukasema, "They won't go in, Baba." Basi. Hatukuombana msamaha. Tulichukua bolti ndefu na nati na washa mbili tukazivuta ndani polepole, moja baada ya nyingine, na mimi sikufungua mdomo nisije nikaharibu. Ilikuwa siku nzuri sana kwangu.

Kwa hiyo leo, nilipofuta tope nikauona huu mstari, kwanza nilikaa. Kisha mikono ikaanza na mambo yake. Wazo la kwanza lilikuwa niikimbize Downsview, wenye zamu ya jioni wapo, niichomelee ukirudi ukute imeshafungwa. Unaona? Baada ya yote hayo. Nikaliacha. Wazo la pili likaja, na hili nililishika mkononi kabisa. Nilichukua msumeno wa chuma, nikasema naikata vipande viwili, nitamwambia imekatika nilipokuwa naifunga, atalia, atasafiri bila baiskeli, atakuwa hai.

Mama yako alikuwa anatafuta viatu vyake vya kazi, zamu yake kwenye nyumba ya kutunzia wazee ilikuwa inamngoja. Akasimama mlangoni.

"Baba Saida, unafanya nini na huo msumeno?"

Nikamwonyesha ufa. Akainama, akautazama, yeye macho yake ni mazuri kuliko yangu.

"Ni ufa kweli?"

"Ni ufa kweli."

"Basi weka msumeno chini. Ukiikata, mtoto ataamini maisha yake yote kwamba ilikuwa nzima."

Akavaa viatu akaenda kazini. Nimekaa na maneno hayo tangu alipotoka, na ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Kiingereza changu kikichanganyika na woga kinakuwa kama tangazo la mwenye nyumba, kwa hiyo nimeandika kwa Kiswahili. Utasoma polepole, na hilo nalo ni jema.

Ningeweza pia kumwita Bahati aje awe shahidi. Niliinua simu nikairudisha. Huendi na Bahati kule, wala huendi na mimi. Utakuwa kwenye njia za watu, juu ya chuma kilichochoka au ambacho hakijachoka, na wa kujua ni wewe. Kwa hiyo usiniamini. Angalia mwenyewe, hivi.

Mezani nimeweka wembe, kopo la mafuta ya taa, kitambaa safi na kipande cha chaki. Rangi sijaigusa, usije ukasema nimeukwaruza mimi. Ikwangue wewe, taratibu, upande wa chini wa bomba, karibu na mshono. Pakishang'aa paka mafuta ya taa, yaache, jitengenezee chai uinywe. Kisha futa, futa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Saga chaki juu yake ukae kidogo. Kama ni mkwaruzo, chaki itabaki nyeupe, kwa sababu mkwaruzo hauna ndani. Kama ni ufa, mafuta yaliyojificha yatarudi nje yenyewe, na utaona mstari unajichora kwenye unga. Fanya hivyo hivyo upande wa pili, wa kushoto, uone tofauti. Huhitaji ufundi wangu hapo.

Kando ya fremu yako nimeweka ya kwangu, ile nyeusi niliyoipata baada ya bega kupona. Ni ya bawaba moja, unaijua, huwa unaiita mlango wa jela. Nimeitazama kote kwa mafuta na chaki, haijatoa kitu, beringi nimezitia grisi. Magurudumu yako na shokapu yako vinaingia. Sikudanganyi kwamba ni nzuri kuliko yako. Itainama ukikanyaga, itakakamaa ukishika breki kwenye mawe, na kwenye vilima itakuchosha mpaka unitukane. Nayo itachoka siku moja. Kila msimu tazama pale bawaba iliposhonwa kwenye bomba kubwa, na ukiona mstari usimpe mtu yeyote aichomelee, hata akiwa na maneno matamu. Kama hutaki kuibeba, iache, nenda mikono mitupu, sitanuna.

Kuna jambo moja tu ambalo sitafanya. Fremu yenye huu ufa siifungi kwenye boksi kwa mikono yangu. Ukiona nilichokiona mimi na bado ukataka kuondoka nayo, spana ziko pale, na mimi sitasimama mlangoni. Sitakufichia ufunguo, sitampigia mtu simu. Una umri wako. Lakini nitakuwa nimeshasema, kwa lugha yangu na kwa mwandiko wangu, ambalo nilishindwa kusema siku ya Collingwood. Naogopa, Saida. Nakupenda na naogopa, na ufa upo.

Nimetoka ndani ili usiuone uso wangu wakati unaangalia. Niko chini kwenye chumba cha kufulia, nguo zako za safari zinazunguka kwenye mashine. Chukua muda wako. Ukishaona, shuka uniambie ulichokiona. Na kama chaki itabaki nyeupe, shuka uniambie vilevile. Nitapanda nawe tuangalie tena, wewe ukiwa umeshika taa, na nitanyamaza mpaka useme wewe kwanza.

Baba yako